Maswali ya Wasomaji: Pinot Noir ya Pwani ya Ukungu

Safu hii tumeiachia barua zinazohusu divai nyekundu ya pwani ya California, Marekani, hasa ile ya zabibu aina ya Pinot Noir inayolimwa pale ambapo ukungu wa Bahari ya Pasifiki huingia nchi kavu usiku wa kiangazi. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: California tunaijua kwa jua kali. Huo ukungu unatoka wapi katikati ya kiangazi, na unaisaidia nini zabibu ambayo kazi yake ni kuiva?

JIBU: Unatoka baharini, lakini anayeuita ni jua lenyewe. Mkondo wa bahari wa California huleta maji baridi kutoka kaskazini. Juu ya hapo, upepo unaovuma sambamba na pwani tangu majira ya kuchipua hadi kiangazi husukuma maji ya juu mbali na ufuko, na maji ya kilindini, ambayo ni baridi zaidi, hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana kaskazini ya San Francisco maji ya bahari huwa ya nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi hata mwezi wa Julai. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone madogo. Wakati huohuo bonde kuu la ndani ya jimbo linawaka, mara nyingi zaidi ya nyuzi 35. Hewa ya huko hupanda, mgandamizo hupungua, na hewa nzito ya baharini huvutwa kwenda bara.

Inapitia wapi? Hapo ndipo penye siri ya ramani nzima ya divai hii. Milima ya pwani huizuia hewa hiyo, kwa hiyo hupenya palipo na mwanya: bonde la mto Russian, uwazi wa milima unaoitwa Petaluma Gap, na Ghuba ya San Pablo inayoipoza Carneros. Kusini, katika kaunti ya Santa Barbara, milima imelala mashariki hadi magharibi badala ya kusini hadi kaskazini, hivyo mabonde ya Santa Maria na Santa Ynez yako wazi kabisa upande wa bahari. Shamba lililo kilomita 40 kutoka ufukweni, kama liko mdomoni mwa mwanya, laweza kuwa baridi kuliko lililo kilomita 10 lakini nyuma ya mlima.

Mwendo wa siku ni huu. Ukungu huingia jioni au usiku, hulala juu ya mizabibu hadi saa 4 au 5 asubuhi, kisha jua huukausha. Alasiri joto hufika nyuzi 25 hadi 30, halafu upepo wa bahari unarudi na usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Siku nyingine tofauti ya mchana na usiku huzidi nyuzi 20.

Kwa zabibu maana yake ni hii. Sukari hutengenezwa na majani kwenye mwanga. Asubuhi ya ukungu hupunguza saa za kazi, basi sukari hupanda polepole. Asidi, hasa ile ya maliki, huchomwa na zabibu yenyewe inapopumua, na joto huharakisha uchomaji huo. Usiku baridi huupunguza. Kinachopatikana ni muda. Kokwa hugeuka kahawia, tanini (kitu kinachokausha ulimi) hulainika na harufu hukomaa kabla sukari haijapita kiasi na uchachu haujaisha. Pinot Noir huiva mapema kwa asili yake. Ukiipanda penye joto kali, sukari hufika kiwango huku kokwa zingali za kijani, na divai yake huwa na ladha ya jamu iliyopikwa.

Wako wanaosema ukungu hunywesha mizabibu. Hilo ni la miti mikubwa ya redwood, ambayo kweli hunufaika na matone yanayodondoka kutoka kwenye majani yake. Mzabibu hutegemea mvua ya majira ya baridi iliyohifadhiwa ardhini na, mahali pengi, mipira ya matone.

SWALI: Unyevu kila usiku, na bado zabibu haziozi? Mimi nalima mboga na najua kuvu inavyopenda hali hiyo.

JIBU: Zinaoza, zikiachwa. Ila tenganisha magonjwa mawili, kwa sababu kinga zake hazifanani.

La kwanza ni ubwiri unga. Huu hauhitaji jani lililolowa. Unachotaka ni kivuli na joto la wastani, nyuzi 21 hadi 30. Jua kali na joto la zaidi ya nyuzi 35 huudhoofisha, na ukungu huuondolea maadui hao wote wawili. Kwa hiyo wakulima wa pwani hupiga salfa tangu vichipukizi vikiwa vya sentimita chache, wakirudia kila siku 7 hadi 14, hadi zabibu zinapoanza kubadilika rangi. Salfa haipigwi joto likipita nyuzi 32 kwa sababu huunguza majani, na huachwa kabisa majuma kadhaa kabla ya kuvuna. Salfa iliyobaki kwenye maganda huingia kwenye pipa la kuchachushia, hamira huigeuza kuwa hidrojeni salfaidi, na divai hunuka yai viza.

La pili ni kuvu ya kijivu, Botrytis cinerea. Hii ndiyo inayotaka maji kwenye ganda, kwa saa nyingi mfululizo, katika nyuzi 15 hadi 25. Pinot Noir ina ganda jembamba na vichala vilivyobanana. Punje zikivimba husukumana, moja hupasuka, na maji yake huambukiza jirani zake. Pwani hii huokolewa na mambo mawili: alasiri ina jua na upepo unaokausha vichala, na kati ya Mei na Septemba mvua karibu haipo. Hatari huja ukungu ukiwa mzito kiasi cha kudondosha manyunyu kwa siku kadhaa bila jua kutoka, au mvua ya kwanza ya vuli ikitangulia mavuno.

Kinga kubwa ni mikono. Mara baada ya punje kushika, majani yanayozunguka vichala hutolewa upande unaopata jua la asubuhi tu, maana upande wa magharibi ukiachwa wazi jua la alasiri litaunguza maganda. Vichala vinavyogusana hutenganishwa au kimoja hukatwa. Wakati wa kuvuna, kilichooza hutupwa palepale shambani. Hapo hakuna huruma, kwa sababu kuvu hii huacha kimeng'enya kiitwacho lakasi ambacho huharibu rangi nyekundu kuwa ya kahawia, na salfaiti za kawaida, dawa ya kuhifadhia divai, hazikizimi.

Ugonjwa si hasara pekee. Baridi na upepo vikija wakati wa maua, mwishoni mwa Mei au Juni, maua hupukutika bila kushika. Katika mashamba yaliyo karibu kabisa na bahari mavuno ya tani 2 au 3 kwa ekari ni ya kawaida, na mwaka mbaya huwa chini ya hapo. Sehemu ya bei ya chupa hizi imetoka huko.

SWALI: Nina chupa mbili za Pinot Noir, zote zimeandikwa Sonoma Coast, mwaka mmoja. Moja ni nyepesi, chachu, ya asilimia 12.9. Nyingine ni nzito, tamutamu, ya asilimia 14.6. Ipi ni ya kweli?

JIBU: Zote mbili ni halali. Tatizo liko kwenye jina. Sonoma Coast ilitambuliwa mwaka 1987 kama eneo rasmi la zabibu, yale yanayojulikana kwa kifupi AVA, na mipaka yake ni mipana mno: karibu ekari nusu milioni, kutoka pande za Ghuba ya San Pablo hadi mpaka wa kaunti ya Mendocino. Ndani yake kuna mabonde ya ukungu, vilele vya jua na mashamba yaliyo mbali na pwani yenyewe. Kwa maoni yetu jina hilo peke yake halimwambii mnunuzi chochote cha maana. Tafuta dogo zaidi.

Majina madogo yamekuja polepole. Russian River Valley na Carneros ni ya 1983, pamoja na Anderson Valley ya Mendocino. Fort Ross-Seaview ilifuata mwaka 2012, Petaluma Gap ilipitishwa mwishoni mwa 2017, na West Sonoma Coast mwaka 2022. Petaluma Gap ni ya kuangaliwa, kwa sababu msingi wa mipaka yake ni upepo. Upepo wa alasiri ukiwa mkali, vitundu vya majani hufunga ili kuzuia maji yasipotee, majani huacha kutengeneza sukari hata kama jua linawaka, na maganda ya zabibu huwa mazito kidogo.

Kisha uliza mwinuko. Ukungu hauendi juu bila kikomo: hufunikwa na tabaka la hewa ya joto, mara nyingi kwenye mita 300 au karibu na hapo. Fort Ross-Seaview ilichorwa kwa kufuata jambo hili. Kwa sehemu kubwa ardhi yake iko futi 920 na kuendelea, sawa na mita 280. Mashamba ya huko yako karibu na bahari kabisa lakini yamekaa juu ya ukungu, yanapata jua tangu alfajiri, na usiku wake si baridi kama wa bondeni. Divai yake huwa na rangi zaidi na tanini zinazoshika ulimi. Chini ya tabaka hilo, kwa mfano Green Valley yenye udongo wa kichanga wa Goldridge usiotuamisha maji, divai huwa laini na uchachu wake huonekana mapema mdomoni.

Kuhusu alkoholi: sukari hupimwa kwa Briksi, yaani asilimia ya sukari katika maji ya zabibu kwa uzito. Zidisha Briksi kwa 0.58 utapata makisio ya alkoholi. Zabibu zilizovunwa zikiwa na Briksi 22.3 hutoa divai kama ya chupa yako ya kwanza; za Briksi 25.2 hutoa ya pili. Kati ya vipimo hivyo pengine kuna wiki mbili tu shambani. Kwa hiyo ukungu huchelewesha sukari, lakini mtengenezaji akitaka kungoja, itafika tu. Eneo baridi haliahidi divai nyepesi.

Sheria za lebo za Marekani nazo zina mianya yake, na inafaa uzijue. Divai ikiitwa Pinot Noir, angalau asilimia 75 ya zabibu ziwe za aina hiyo. Zinazobaki zaweza kuwa Syrah, aina nyingine ya zabibu yenye rangi nzito. Jina la AVA lataka asilimia 85 zitoke humo. Jina la shamba, asilimia 95. Mwaka wa mavuno, ikiwa lebo imetaja AVA, asilimia 95. Alkoholi iliyoandikwa inaruhusiwa kupishana na ya kweli kwa asilimia 1 ikiwa imezidi 14, na kwa 1.5 ikiwa ni 14 au pungufu, mradi tofauti hiyo isiivushe divai mstari wa 14. Kwa hiyo hiyo yako ya 14.6 yaweza kuwa 15.5. Neno "Reserve" halina maana yoyote kisheria katika sheria za shirikisho. "Estate Bottled" linayo: zabibu zote zimekuzwa kwenye ardhi inayomilikiwa au kusimamiwa na mtengenezaji, ndani ya AVA ileile kilipo kiwanda chake. Na usishangae kuona "Sonoma County" imeandikwa pia kwenye chupa ya Russian River. Tangu 2014 ni lazima.

SWALI: Niliimimina nikaona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Imetiwa maji?

JIBU: Hapana, hiyo ni Pinot Noir ilivyo. Zabibu hii haina kundi lile la rangi za anthosiani lililo imara zaidi, ambalo aina nyingine nyekundu wanalo, na tanini za maganda yake ni chache, kwa hiyo hata rangi iliyopo haishikwi vizuri. Nyekundu angavu inayopenyeza mwanga, yenye ukingo wa waridi ikiwa changa na wa tofali ikiwa imekaa, ni ya kawaida. Ya kutiliwa shaka ni ile nyeusi kama wino: huenda ina Syrah ndani ya asilimia 25 inayoruhusiwa, au imeongezewa kolezo la zabibu nyeusi. Si hatari kwa afya, ila umelipia Pinot.

SWALI: Ninaishi California na mkulima mmoja ameniahidi kilo 100 za Pinot Noir ya Russian River. Nipeni hatua za kutengeneza divai nyumbani, na vipimo.

JIBU: Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mzima galoni 100 kwa mwaka, lita 378 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, bila kuuza. Kilo 100 zitakupa kama lita 60 hadi 65 za divai, kwa hiyo uko ndani kabisa.

Andaa vyombo vya plastiki ya chakula vyenye jumla ya lita 140 au zaidi. Rojo la zabibu litakuwa kama lita 92, na maganda yatapanda. Theluthi ya chombo ibaki wazi la sivyo sakafu ndiyo itakayokunywa. Pokea zabibu asubuhi zikiwa baridi, chagua na kutupa zilizooza, kisha toa vikonyo na uponde kidogo tu. Punje nyingi zikibaki nzima ni vizuri. Zitachachuka kutoka ndani na kuongeza harufu ya tunda bichi. Wengine huacha vichala vizima robo au theluthi. Vikonyo hutoa ladha ya viungo na majani ya chai, lakini pia hupandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, uchachu umepungua) na kunyonya rangi, na vikiwa vya kijani kabisa hutoa uchungu. Kwa mara ya kwanza usizidi asilimia 10.

Tia potasiamu metabisalfaiti gramu 6 hadi 7, sawa na miligramu 40 za salfa dioksaidi kwa lita. Kama baadhi ya vichala vilikuwa vimeanza kuoza, fika gramu 10. Pima Briksi na pH. Ikiwa pH imezidi 3.6, ongeza asidi ya tatariki gramu 1 kwa lita, koroga, pima tena. Kwa kawaida hushuka kama 0.1. Ikiwa ni 3.3 au chini, usiguse kitu hata kama ulimi unalalamika. Zabibu za ukungu zina asidi nyingi ya maliki, na nusu ya ukali huo utaondoka baadaye.

Ukiweza kulishikilia rojo chini ya nyuzi 10 kwa siku 3, kwa kuzamisha chupa za maji yaliyoganda na kuzibadilisha asubuhi na jioni, rangi itatoka vizuri zaidi. Usipoweza kufika nyuzi 10, ruka hatua hii. Kwenye nyuzi 15 au 18 hamira za mwituni huanza kazi na kuacha harufu ya gundi, ambayo haiondoki.

Acha rojo lipate joto hadi nyuzi 18 au 20. Loweka gramu 25 za hamira ya divai katika mililita 250 za maji ya nyuzi 38 hadi 40 kwa dakika 15 hadi 20. Kabla ya kuimimina, ongeza rojo kidogo kidogo kwenye kikombe hicho hadi tofauti ya joto iwe chini ya nyuzi 10. Mshtuko wa baridi huua sehemu kubwa ya hamira, na hapo ndipo uchachushaji mwingi wa nyumbani hukwama. Chakula cha hamira chenye naitrojeni weka gramu 25 kwa mafungu mawili: la kwanza povu likianza, la pili theluthi ya sukari ikishaliwa. Baada ya nusu ya sukari kuisha hamira haikitumii tena vizuri.

Maganda yataelea na kufanya tabaka gumu. Lizamishe kwa mti safi mara 2 au 3 kwa siku, taratibu. Likiachwa juu bila kulowa kwa siku nzima bakteria wa siki hulivamia. Lenga joto la nyuzi 28 hadi 30 siku za kilele; chombo kidogo hupoteza joto, kwa hiyo tatizo lako litakuwa baridi zaidi kuliko joto, na blanketi hutosha. Likikaribia nyuzi 35, poza haraka.

Siku ya 8 hadi 10, haidromita ikisoma Briksi 0 au chini yake, kamua. Yanayotiririka yenyewe ndiyo bora. Machicha bonyeza kidogo, ukionja, na uache uchungu wa kokwa unapojitokeza. Siku mbili baadaye hamisha divai kutoka kwenye mashapo mazito kwenda madumu ya glasi, ujaze hadi shingoni, uweke vizibo vya kutolea hewa. Ongeza bakteria wa malolaktiki, wanaogeuza asidi ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki, weka kwenye nyuzi 20, ungoje wiki 3 hadi 6. Usitie salfaiti kipindi hiki. Thibitisha kwa kipimo cha kromatografia ya karatasi kwamba asidi ya maliki imekwisha. Usiridhike na kukoma kwa mapovu, kwa sababu ikiishia chupani divai itatoa gesi na harufu ya kabichi.

Kisha tia metabisalfaiti gramu 5 hadi 6 kwa lita hizo 65. Vipande vya mwaloni, gramu 2 kwa lita, miezi 2. Pinot hufunikwa na ladha ya mbao upesi, na hili ndilo kosa la wengi wenye shauku. Pipa la lita 228 la wenye viwanda sahau, kiasi chako hakilijazi. Hamisha mara moja au mbili zaidi, jaza madumu kila mwezi, na miezi 9 hadi 12 baada ya mavuno utapakia chupa 80 hivi.

SWALI: Nimekuta vijiwe vyeupe kwenye kizibo, chupa nyingine ilinuka yai viza, na ya tatu, ya 2020, ilikuwa na ladha ya majivu. Zote zirudishwe dukani?

JIBU: Vijiwe ni chumvi ya asidi ya tatariki, huganda divai ikipata baridi, na havina ladha wala madhara. Mimina polepole, viache chini.

Yai viza ni hidrojeni salfaidi. Zungusha divai kwenye glasi kwa dakika 10 kwanza. Mara nyingi harufu huondoka. Ikigoma, senti ya Marekani iliyotengenezwa kabla ya 1982 ni shaba karibu tupu: ioshe vizuri, idumbukize kwenye glasi, tikisa, itoe. Shaba huishika salfa hiyo. Ikiwa harufu imeshageuka ya kitunguu au mpira, hapo senti haisaidii sana na chupa inafaa kurudishwa.

Majivu ni habari nyingine. Agosti 2020 radi kavu ziliwasha moto kaskazini mwa California, ukiwamo ule wa Walbridge magharibi ya Healdsburg, na moshi ulikaa juu ya mashamba wakati zabibu zinaiva. Gwayakoli, kemikali ya moshi wa kuni, na jamaa zake hupenya ganda na kujifunga kwenye sukari, zikawa hazinuki. Huachiliwa wakati wa kuchachuka, ndani ya chupa, hata na mate mdomoni, ndiyo maana divai yaweza kunusika safi halafu majivu yakaja sekunde kadhaa baada ya kumeza. Kuosha zabibu hakusaidii, wala ukungu hausafishi. Divai nyeupe hukamuliwa mapema na kuepuka mengi. Nyekundu huchachuka na maganda yake, na Pinot haina ladha nzito ya kuficha kasoro. Wengi hawakutoa Pinot Noir nyekundu kabisa mwaka huo. Iliyopo si yote mbaya, kwani moshi haukutua sawasawa, lakini onja moja kabla ya kununua sanduku. Kuiweka miaka mingi haiponyi. Huzidi kuonekana matunda yakififia.

SWALI: Inywewe baridi kiasi gani, na nikiinunua leo naweza kuiweka hadi lini?

JIBU: Nyuzi 13 hadi 16. Kwenye chumba cha nyuzi 24 divai hii hunuka alkoholi tu. Iweke kwenye jokofu karibu saa moja, au kwenye maji yenye barafu dakika 10. Tumia glasi yenye tumbo pana na ujaze theluthi. Iliyofunguliwa irudishie kizibo, iwe ndani ya jokofu, umalize kwa siku 2 au 3.

Pinot Noir nyingi za pwani hii hupendeza kati ya mwaka wa 3 na wa 8 tangu mavuno. Zile za juu ya ukungu, zenye tanini, na zile za Sta. Rita Hills, kaunti ya Santa Barbara, zenye uchachu mkali, hufika 10 na kupita. Weka kwenye nyuzi 12 hadi 14, gizani, chupa imelala ikiwa kizibo ni cha gome. Ya kifuniko cha kusokota hata ikisimama haidhuriki. Kabati la jikoni halifai. Majuma machache ya nyuzi 30 yanatosha kusukuma kizibo nje milimita kadhaa na kuacha michirizi ya divai chini ya karatasi ya shingo, na chupa ya namna hiyo ifunguliwe wiki hii.